Kuteleza kwa Kalamu Katika Jalada la Kesi ya Jinai

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wa mitaa na vijiji mliotoka Ilemela, Nyamagana, Magu na Sengerema, ndugu zetu mliovuka maji kutoka Ukerewe, wasaidizi wa kisheria, viongozi wa BMU, yaani vikundi vya kusimamia rasilimali za uvuvi, wazee wangu, kaka na dada zangu: mwangaluka.

Nimeombwa nizungumzie swali ambalo nimeulizwa mara nyingi kuliko jingine lolote tangu nianze kazi ya uwakili hapa Mwanza. Swali hilo huja kwa sauti ya chini, kwenye kibaraza cha mahakama, kutoka kwa mzazi au mke aliyepata nakala ya hati ya mashtaka na kuikagua usiku kucha kwa mwanga wa simu. Huniita pembeni, huweka kidole kwenye mstari mmoja na kusema: "Wakili, tazama hapa. Mwanangu anaitwa Masalu, hawa wameandika Masaru. Kesi si imekufa hiyo?"

Haijafa. Nalisema mapema ili tusidanganyane, kwa sababu nimeona familia ikiuza ng'ombe kulipia safari na ushauri wa watu wa mitaani walioahidi kwamba herufi moja itamtoa ndugu yao. Lakini ningekuwa nawadanganya vilevile kama ningewaambia kwamba makosa ya karatasi hayana maana. Yapo makosa ya kiuandishi ambayo mahakama huyapita kama mtu anavyopita kokoto njiani, na yapo mengine, yenye ukubwa uleule kwenye karatasi, ambayo yamebatilisha kesi nzima baada ya mtu kukaa gerezani miaka. Kinachoyatofautisha ni kile ambacho kosa hilo limemnyima mtu, na hilo ndilo ninalotaka tulichambue leo.

Tuanze na sheria yenyewe. Namba za vifungu nitakazotaja ni zile za Toleo la Urekebu la mwaka 2019, ambazo mtazikuta katika hukumu nyingi. Kila sheria zinapofanyiwa urekebu namba zinaweza kuhama, kwa hiyo mwenye nakala mpya aangalie maudhui ya kifungu kabla ya kuangalia namba. Kifungu cha 388 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, sheria iliyotungwa mwaka 1985, kinaeleza kwamba uamuzi, adhabu au amri ya mahakama yenye mamlaka haitatenguliwa kwa sababu ya kosa, upungufu au kasoro iliyomo katika malalamiko, hati ya wito, hati ya mashtaka, hukumu au mwenendo wa shauri, isipokuwa pale mahakama ya juu itakaporidhika kwamba kasoro hiyo kweli imesababisha haki isitendeke. Kwa mahakama za mwanzo, kifungu cha 37 cha Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, kinaelekea hukohuko. Na Katiba yetu, katika Ibara ya 107A iliyoingizwa mwaka 2000, inazitaka mahakama zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi yanayoweza kuikwamisha haki hiyo.

Naomba mlishike neno "kupita kiasi." Katiba haikusema masharti ya kiufundi yatupwe. Imesema yasiwe pingu. Kiasi chenyewe, basi, kinapimwaje?

Chukueni mfano ambao ninyi mnaujua kuliko mimi. Ni kosa kuvua au kukutwa na sangara wa chini ya sentimita 50 katika ziwa hili. Kijana anakamatwa mwaloni, pale mitumbwi inapoegesha, samaki anapimwa mbele ya watu, rula inaonyesha sentimita 45. Jalada linapofika kwa mchapaji, tarakimu zinageuka, na hati ya mashtaka inasomeka kwamba mshtakiwa alikutwa na sangara wa sentimita 54. Katika hati hiyohiyo jina la mtumbwi limekosewa herufi mbili, na mtaa umeandikwa kwa tahajia ambayo hakuna mkazi wake anayeitumia. Makosa yote haya yametoka kwenye vidole vya mtu mmoja, asubuhi moja, pengine kwa uchovu uleule. Hata hivyo jina la mtumbwi na tahajia ya mtaa havimnyimi mshtakiwa chochote, kwa kuwa anajua ni mtumbwi upi na ni mwalo upi unaozungumzwa. Tarakimu zilizogeuka ni jambo jingine kabisa. Hati ile ikisomwa kama ilivyo, haina kosa la jinai ndani yake, kwa sababu samaki wa sentimita 54 si mchanga. Kijana akijibu "ni kweli," amekiri jambo ambalo sheria hailikatazi.

Hapo panagusa kanuni nyingine ambayo watu wengi hawaijui. Kwa kawaida aliyekiri kosa mwenyewe hawezi kukata rufaa kupinga kutiwa kwake hatiani; kifungu cha 360 cha ile Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, ambayo ndiyo ninayoinukuu kila nisipotaja nyingine, kinamwachia rufaa ya adhabu tu. Lakini mahakama zetu kwa miaka mingi zimeacha milango michache wazi, na mmojawapo ni huu: kama hati iliyosomwa haionyeshi kosa lolote linalojulikana kisheria, kukiri huko hakuna uzito. Kwa hiyo tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi zinaweza kuufungua mlango ambao ungekuwa umefungwa.

Kinachotakiwa kwenye hati ya mashtaka kimeelezwa katika kifungu cha 132: kosa litajwe, na yaongezwe maelezo ya kutosha kumwezesha mshtakiwa kuelewa anashtakiwa kwa lipi. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufani ilimwachia huru mtu aliyekuwa ametiwa hatiani kwa kujaribu kubaka, kwa sababu hati yake haikutaja kabisa kwamba kulikuwa na vitisho, na vitisho vilikuwa ni sehemu ya kosa lenyewe kwa mujibu wa kifungu alichoshtakiwa nacho. Sentensi moja ilikuwa imekosekana. Ukiwa mpelelezi au mwendesha mashtaka unaweza kuiita sentensi hiyo upungufu wa uandishi. Kwa mshtakiwa ilikuwa ni sehemu ya tuhuma ambayo hakupewa nafasi ya kuijibu.

Umri wa mtoto nao ni mahali ambapo tarakimu moja ina uzito wa kutisha. Katika kesi ya kubaka, mwathirika akiwa chini ya miaka 18, suala la kuridhia halijadiliwi. Akiwa chini ya miaka 10, Kanuni ya Adhabu inaelekeza kifungo cha maisha. Sasa mtoto wa miaka 9 akiandikwa miaka 19, kosa limebadilika sura: mwendesha mashtaka anajikuta akitakiwa kuthibitisha kwamba mwathirika hakuridhia, na adhabu iliyowekwa kwa kumlinda mtoto huyo haipo tena mezani. Nimewahi kusoma fomu ya polisi, ile PF3 tunayoifahamu wote anayopewa mwathirika kwenda nayo hospitali, ikiwa na umri mmoja, hati ya mashtaka ikiwa na mwingine, na mama wa mtoto akiwa ametaja wa tatu kizimbani. Hakuna kati yao aliyekuwa na nia mbaya. Mzigo wa kuthibitisha uko kwa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, na kila shaka inayobaki humnufaisha mshtakiwa, hata pale ambapo shaka hiyo imezaliwa na kalamu ya mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kula.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye jambo ambalo naona halizungumzwi vya kutosha, na ambalo ni letu wenyewe, yaani saa na siku.

Shahidi wetu anasimama na kusema aliwaona watu watatu saa mbili usiku. Kila mmoja humu ndani anajua ni saa ngapi: watoto bado hawajalala, maduka ya mtaani bado yana taa, watu wanatoka kusikiliza taarifa ya habari. Kwa miongo mingi ushahidi wa namna hii ulitolewa kwa Kiswahili na kuandikwa kwa Kiingereza, na saa za Kiingereza zinahesabiwa kuanzia usiku wa manane na adhuhuri, siyo kuanzia machweo na macheo. Hakimu makini ataigeuza sawasawa. Aliyechoka, akiwa na shahidi wa sita kwa siku hiyo, anaweza kuandika tarakimu aliyoisikia, na saa mbili usiku ikawa saa nane za usiku wa manane. Hapo mtaa mzima umezimwa taa kwenye karatasi.

Mtaniuliza, kuna tofauti gani iwapo wezi walikuwapo? Ipo kubwa. Tangu uamuzi mashuhuri wa mwaka 1980 kuhusu utambuzi wa kuona kwa macho, Mahakama ya Rufani imesisitiza kwamba ushahidi wa aina hiyo ni dhaifu, na hautakiwi kutegemewa mpaka mahakama iridhike kwamba uwezekano wa kumfananisha mtu na mwingine umeondolewa. Hupimwa umbali, muda ambao shahidi alimtazama mtu, kama alimfahamu kabla, na mwanga uliokuwapo. Rufaa husikilizwa kwa kusoma kumbukumbu. Majaji hawakuwapo kumsikia shahidi akisema kwa Kiswahili. Wakikuta saa nane usiku, wanapima mwanga wa saa nane usiku. Mtu aliyetambuliwa kwa haki anaweza kuachiwa, na katika kesi nyingine, saa ikiwa imegeuzwa upande wa pili, mtu aliyefananishwa tu anaweza kuonekana alitambuliwa kwenye mwanga wa kutosha.

Siku nazo ni hivyohivyo. Wazee wetu wa Kiswahili huhesabu siku kuanzia jua linapozama, kwa hiyo "usiku wa Jumatano" kwa mzee wa zamani ni usiku unaotangulia mchana wa Jumatano, na kwa kijana wa leo ni usiku unaoufuata. Tunapotaka kuwa salama tunasema "usiku wa kuamkia Jumatano." Naomba wasaidizi wa kisheria na viongozi wa mitaa mnaopokea malalamiko ya kwanza mlitumie neno hilo "kuamkia" kila mara, tena pamoja na tarehe mbili, kwa sababu hati ikitaja tarehe mahususi, Mahakama ya Rufani imekwisha kusema kwamba ushahidi utarajiwe kuthibitisha tukio la tarehe hiyo. Ni kweli kwamba kifungu cha 234 kinasema tofauti ya muda kati ya hati na ushahidi si ya msingi. Lakini mshtakiwa aliyejiandaa kuonyesha kwamba tarehe 14 alikuwa visiwani kwenye dagaa, halafu mashahidi wote wakazungumzia tarehe 15 na hakuna aliyeirekebisha hati, amepigana na kesi ambayo haikuwa yake. Kesi kadhaa zimeanguka hapo, huku dawa ikiwa ilikuwapo muda wote.

Kifungu hichohicho cha 234 kinairuhusu mahakama, wakati wowote kesi ikiendelea, kuamuru hati yenye kasoro irekebishwe, na upande wa mashtaka unaweza kuomba. Ikirekebishwa, mshtakiwa husomewa upya na kujibu upya, na anaelezwa kwamba anaweza kutaka mashahidi waitwe tena ili watoe ushahidi tena au waulizwe maswali zaidi. Marekebisho yakifanyika bila hatua hizo, tiba inakuwa ndiyo ugonjwa. Nimeona hati iliyosahihishwa kwa kalamu pembeni, bila tarehe, bila saini, bila mstari wowote katika mwenendo, yaani kumbukumbu ya shauri, unaoonyesha kwamba mshtakiwa alisomewa mabadiliko hayo. Kasoro ya mwanzo ilikuwa inatibika kwa dakika tano mbele ya hakimu. Ile ya kuificha ndiyo iliyoleta mgogoro.

Kuhusu namba za vifungu, mahakama yetu ya juu kabisa, Mahakama ya Rufani, imesafiri safari ndefu. Kulikuwa na wakati ambapo kutaja kifungu kisicho sahihi, au kusahau kifungu kidogo, kulionekana ni kasoro isiyotibika, na watu waliotiwa hatiani kwa makosa mazito walitoka kwa sababu hiyo. Katika uamuzi wa mwaka 2019, kwenye rufaa ya jinai namba 52 ya mwaka 2017, Mahakama ya Rufani ilichukua njia nyingine: kifungu kilikuwa kimekosewa, lakini maelezo ya kosa yalikuwa wazi, yakitaja aina ya kosa, mahali, mwathirika na umri wake, na ushahidi uliotolewa ulimwezesha mshtakiwa kuelewa uzito wa shauri na kujitetea, hivyo kasoro ikatibika chini ya kifungu cha 388. Mwaka mmoja kabla, mwaka 2018, Bunge lilikuwa limeingiza katika Sheria ya Mamlaka ya Rufaa, Sura ya 141, lengo kuu la kusikiliza mashauri kwa haki, kwa haraka na kwa gharama nafuu. Mwelekeo ni huo, hata kwa hakimu aliyetoa adhabu akasahau kuandika wazi kwamba "namtia hatiani": zamani hukumu ya namna hiyo ilihesabiwa batili, siku hizi mahakama huangalia kama kuna aliyeumizwa na usahaulifu huo.

Naunga mkono mwelekeo huo. Wapo wenzangu wa upande wa utetezi wanaouona ni mteremko, na hofu yao naielewa, kwa maana mtu maskini asiye na wakili hana silaha nyingine zaidi ya kanuni zilizoandikwa. Lakini nimekaa na akina mama ambao binti zao walitoa ushahidi wakilia, kesi ikaisha, miaka ikapita, kisha wakaambiwa kwamba namba fulani haikuandikwa. Sikuwa na neno la kuwaeleza ambalo lilifanana na haki.

Kuna hata hivyo mahali ambapo mahakama imebaki kuwa kali, na naona inastahili kuwa hivyo: saini. Kifungu cha 210 kinamtaka hakimu auandike ushahidi na kutia saini yake, na Mahakama ya Rufani imefuta mienendo mizima ambapo saini hazikuwapo baada ya ushahidi wa kila shahidi. Mtu anaweza kuona ni ukali wa bure, maana maneno si yapo? Yapo, lakini ya nani? Saini ndiyo inayotuambia kwamba maneno haya yalisemwa mbele ya hakimu huyu na hayakuongezwa baadaye. Karatasi isiyo na saini inaweza kuwa ya kweli tupu, na bado hakuna anayeweza kuiapia.

Sasa sikilizeni jambo ambalo familia nyingi hulisahau zinaposherehekea kosa la karatasi. Hata mkishinda rufaa kwa sababu ya kasoro, mara nyingi mrufani hatoki mlangoni siku hiyo. Mahakama inaweza kufuta mwenendo na kuamuru kesi isikilizwe upya, na huyo ndugu yenu akarudi mahabusu kusubiri mashahidi waitwe tena. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki wa mwaka 1966, kanuni ni kwamba kesi hurudiwa pale usikilizwaji wa kwanza ulipokuwa na kasoro ya kisheria, na hairudishwi ili upande wa mashtaka upate nafasi ya kuziba mapengo ya ushahidi wake. Kila shauri huangaliwa kwa mazingira yake, na amri hutolewa pale tu haki inapohitaji. Mahakama huangalia pia muda ambao mtu ameshatumikia. Lakini fikirieni upande wa pili: mtoto aliyeeleza aibu yake mara moja mbele ya watu wazima anatafutwa, amekuwa msichana, amehamia Geita kwa shangazi yake, anaitwa aeleze tena. Kisa ni kwamba miaka sita iliyopita mtu hakusoma ukurasa wake mara ya pili kabla ya kuupeleka mbele.

Nina kisa kimoja cha kwangu. Mahakama na gereza sivitaji, wala mhusika.

Mama mmoja alivuka na kivuko cha Kamanga akiwa na mfuko wa nailoni, ndani yake karatasi mbili. Kijana wake alikuwa ametiwa hatiani kwa makosa mawili ya wizi wa nyavu na injini ya mtumbwi, na kwa kila kosa alikuwa amepewa kifungo cha miaka miwili. Nakala ya hukumu ilisema vifungo hivyo vitumikiwe kwa pamoja. Hati ya kifungo, ile karatasi inayomsindikiza mfungwa kwenda gerezani, ilitaja miaka miwili na miaka miwili, bila maneno "kwa pamoja." Gereza lilihesabu kimoja baada ya kingine. Mkuu wa gereza hana mamlaka ya kusoma nia ya hakimu. Anatii karatasi aliyonayo mkononi, na mimi singependa kuishi katika nchi ambayo wakuu wa magereza wanabahatisha. Mama yule hakujua kusoma vizuri, lakini alikuwa amehesabu miezi kwa kufunga mafundo kwenye kamba ya wavu, na hesabu yake ilikuwa imekwisha.

Niliandika barua kwa hakimu mfawidhi, nikaambatisha nakala zote mbili. Jalada lilikuwa limepelekwa masjala nyingine. Karani aliyekuwa zamu alikuwa mpya. Nikaambiwa nirudi Jumatatu, kisha Alhamisi. Nilipoona siku zinakwenda nikaandika Mahakama Kuu, ambayo kwa vifungu vya 372 na 373 ina mamlaka ya kuita jalada la mahakama ya chini, kulikagua na kurekebisha lisilo sahihi. Jalada lilipopatikana, kusahihisha kulichukua muda mfupi kuliko kuandaa kikombe cha chai. Kijana alitoka akiwa amezidisha wiki tano. Wiki tano hizo hakuna kifungu cha sheria kilichozihitaji wala hakimu aliyezitamka. Zilitokana na maneno mawili ambayo hayakunakiliwa. Katika kesi ile hakuna mtu aliyezungumza juu ya hati kuwa batili au halali. Kifungu cha 388 kisingemsaidia wala kisingemdhuru. Tangu siku hiyo, mteja wangu yeyote anapofungwa, sishuki ngazi za mahakama kabla sijaiona hati ya kifungo kwa macho yangu na kuilinganisha na hukumu mstari kwa mstari.

Kusahihisha hukumu yenyewe kuna mipaka yake. Hakimu akishatoa hukumu na kuisaini, kazi yake katika shauri hilo imekwisha, na hawezi kubadili mawazo kwa jina la kusahihisha. Mahakama ya Rufani ina Kanuni ya 42 katika Kanuni zake za mwaka 2009, inayoruhusu kurekebisha makosa ya kiuandishi, ya hesabu au ya kupitiwa, ili hukumu iseme kile ambacho mahakama ilikusudia tangu mwanzo. Kipimo hicho nakipenda. Marekebisho yanayorejesha kusudio ni halali. Yanayoleta kusudio jipya hayawezi kuingizwa kwa mlango wa karani.

Kwa hiyo mfanye nini mnapoona kosa? Lisemeni siku mliyoliona, tena kwa sauti, mbele ya hakimu. Jina likikosewa, mshtakiwa anyooshe mkono anaposomewa na kulitaja sawasawa, liandikwe kwenye mwenendo. Najua ushauri wa vijiweni ni kinyume: kaa nalo kimya, lifiche mpaka rufaa, liwe bomu. Ushauri huo umewapoteza wengi. Mahakama ya rufaa inapotafuta kujua kama kosa lilikunyima haki, jambo la kwanza inaloliona ni kwamba uliitikia jina hilo kwa mwaka mzima, ukauliza mashahidi maswali, ukaleta utetezi, na hukuwahi kulalamika. Na mtu aliyeyafanya yote hayo anapata taabu sana kueleza kwamba hakuelewa anayeshtakiwa ni nani.

Shahidi naye asikilize anaposomewa ushahidi wake, kama ana nafasi ya kuomba usomwe. Sheria Namba 1 ya mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na kwetu hapa hiyo ni nafuu kubwa, ingawa mzee anayezungumza Kisukuma pekee bado anapitia kwa mkalimani na maneno bado yanavuka mto mmoja kabla ya kufika kwenye karatasi. Ombeni mkalimani mapema, na mkimsikia anakosea, semeni.

Mkitaka kukata rufaa kutoka mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi kwenda Mahakama Kuu, kifungu cha 361 kinadai taarifa ya nia ya kukata rufaa ndani ya siku 10 na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, na muda wa kusubiri nakala ya mwenendo na hukumu hauhesabiwi katika hizo 45. Siku 10 ni chache. Watu huzipoteza wakizunguka kutafuta aliyeona kosa la herufi, ilhali hoja iliyo nzito zaidi, ya ushahidi usiotosha au utetezi usiozingatiwa, imelala kwenye ukurasa wa tisa bila mtu wa kuisoma. Wasiomudu wakili waelekezeni kwenye watoa huduma waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na wasaidizi wa kisheria mlioko hapa ndio lango la huduma hiyo.

Nimekuja na hati tatu za mashtaka ambazo nimefuta majina yote. Moja ni ya uvuvi, moja ya wizi, moja ya kujeruhi. Katika hizo tatu kuna makosa kumi na moja, na kwa hesabu yangu ni mawili tu ambayo yangeweza kumnyima mtu haki yake. Ziko kwenye meza ya pembeni, pamoja na kalamu. Tukitoka kunywa chai tukae watatu watatu, kila kundi lichukue nakala, tuyatafute hayo mawili.